Baba Alibakiwa na Neno Moja

Nyumbani,
Chumba cha Cherehani,
Tarehe 9 Machi.

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Mjomba na binamu zangu wote. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za huko zinakuchosha, na kwamba daktari amekukataza kubeba mizigo na wewe bado unabeba. Punguza ubishi, Shangazi. Sisi huku miili ni mizima. Kaka anapumua, wifi anapumua, mtoto wao ameota meno ya mbele na anamng'ata kila anayemkaribia. Mimi pia nipo.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Nimejaribu kukuandikia kwenye simu, lakini kila nikifika katikati nafuta. Mfanyakazi mwenzake Mjomba alikuja kutupa pole, akasema anarudi huko Jumatano, nami nikaona nisiipoteze nafasi hiyo. Barua ya karatasi nikishampa mkononi sitaweza kuifuta tena.

Siku ya maziko ya Baba ulinipigia ukaniuliza kama nilikuwa naye. Nilikujibu kwamba tutaongea baadaye. Simu alikuwa ameishika wifi, sauti imefunguliwa, watu wamejaa hadi mlangoni, na wote walinyamaza ili wasikie nitasema nini. Siku zile zimepita. Viti vya kuazima vimerudishwa. Sasa nakujibu, ila lazima nianze mbali kidogo, la sivyo utanielewa vibaya.

Unamjua kaka yako. Watu wa mtaa huu walimwita Mbunge, na wapo waliomshonesha nguo miaka na miaka bila kujua jina lake jingine. Mteja alikuja kupunguza suruali akajikuta anabishana kuhusu ushuru wa soko. Baba alizoea kushika pini kwa midomo akiwa anapima, basi akitaka kukujibu kwa uzito alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini, na wewe umesimama na mguu mmoja wa suruali umekunjwa, unangoja hukumu yako. Na tusimpambe kwa kuwa hayupo: mara nyingi alikuwa amekosea. Ukimwonyesha alivyokosea alihamia upande wako na kudai alikuwa huko tangu mwanzo.

Nilipochaguliwa kusoma shahada ya sera za umma, Kaka aliuliza hiyo ni kazi ya kufanya nini. Lilikuwa swali la haki. Mtu akisema anasomea uuguzi, unaiona sindano. Akisema anajenga, unaona tofali. Sera za umma unaona nini? Nilijaribu kumweleza kwamba tunasoma jinsi serikali inavyoamua mambo: kwa nini barabara ipite hapa na si pale, kwa nini dawa hii itolewe bure na ile isitolewe, nani aliulizwa kabla ya kuamua, na baada ya kuamua nani aliumia. Kaka akasema hayo yote Baba anayajua bila chuo.

Baba akatoa pini mdomoni.

"Mimi nimebishana maisha yangu yote bila cheti," akasema. "Mwacheni huyu abishane na cheti."

Basi nikaenda. Na kila jioni nikirudi, kabla sijavua viatu, alikuwa ananiuliza, "Haya, leo wamekudanganya nini?" Ilinibidi nimsimulie mhadhara mzima huku nakunja vitambaa. Tulikuwa na mhadhiri mmoja, mama mfupi mwenye sauti ya chini, tuliyempachika jina la Ushahidi, maana ukisema lolote darasani anakuuliza ushahidi wako uko wapi. Baba alimpenda bila kumwona. Alisema huyo ndiye mwanamke pekee ambaye angekubali kumwoa baada ya mama yangu, ila ndoa yao isingefika wiki.

Nakuambia haya ili ujue nilikuwa nasoma shahada ile pamoja na nani.

Kiharusi kilimshika katikati ya mwaka wangu wa pili. Alikuwa anampima mwalimu wa shule ya msingi hapa jirani. Mwalimu anasema walikuwa wanabishana kuhusu likizo za shule, mara Baba akaacha kubishana. Akasema "haya." Mwalimu akafurahi, akadhani kwa mara ya kwanza amemshinda Mbunge. Akaongeza hoja nyingine, Baba akasema tena "haya." Ndipo mwalimu akageuka, akaona futi ya kupimia imeanguka na mkono wa kulia wa Baba unaning'inia.

Hospitalini walimsaidia walivyoweza. Mguu ulirudi kidogo, mkono haukurudi. Maneno ndiyo yalikwenda. Daktari alituambia kwamba akili iko palepale, anaelewa kila tunachosema, lakini njia ya kutoka imeziba. Mtaalamu wa kufundisha watu kusema tena alikuwepo, mmoja kwa hospitali nzima, na foleni yake wewe unaweza kuifikiria. Tukamrudisha Baba nyumbani na neno moja. Fikiria maneno yote aliyokuwa nayo mtu yule, na lililobaki ni lile la kukubali.

"Baba, unataka maji?" "Haya." "Baba, ni baridi?" "Haya." "Baba, ni joto?" "Haya."

Wateja wake wa zamani walikuja kumwona. Walikaa naye, wakamwambia mambo ya kipuuzi makusudi ili wamchokoze, kwamba ushuru upandishwe, kwamba walimu wanafanyishwa kazi kidogo. Akajibu "haya." Walitoka nje wakalia nyuma ya ukuta ili asiwasikie. Aliwasikia.

Sasa nifike kwenye lile la masomo, maana najua uliambiwa kwamba niliacha chuo. Kaka alituita sebuleni. Unajua anaoka mikate, anaondoka alfajiri. Wifi yuko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ana zamu zake, na tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Kaka hakuongea kwa ukali. Alikuwa amechoka, unga bado uko kwenye nyusi.

"Nani anabaki na mzee mchana?" akauliza.

Nikasema nimebakiza mwaka mmoja na kidogo.

"Chuo kitakuwepo mwakani," akasema. "Baba hatujui."

Kisha Kaka akafanya jambo ambalo mpaka leo anasema angetamani asingelifanya. Akamgeukia Baba. "Baba, si ni sawa akae nyumbani kwanza?"

"Haya."

"Umesikia," Kaka akaniambia.

Nami nikapandwa na hasira. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake. "Baba, niendelee na masomo yangu?"

"Haya."

Kaka akauliza tena lake. Nami nikauliza tena langu. Tukamvuta mzee kama nguo ya mnadani, huku na huku, na yeye anajibu "haya, haya," mpaka akapiga meza kwa mkono wa kushoto, kikombe kikaruka. Alikuwa analia. Sijawahi kumwona Baba analia, Shangazi, hata alipokufa Mama alituficha. Alijua vizuri tulichokuwa tunakifanya. Alikuwa na jibu lake mle ndani, sote tulijua analo, na sisi tulikuwa tunampokonya lile neno moja alilobakiwa nalo.

Nikasema basi, nitabaki. Hakuna aliyeshangilia.

Nilikwenda chuoni kuahirisha mwaka. Karani wa usajili, msichana wa rika langu, alinionyesha sababu zinazokubalika: ugonjwa wa mwanafunzi, uzazi, kukosa ada, nyingine. Nikamwambia mimi siumwi, sijazaa, na ada ipo. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Dada, weka nyingine." Mwezi mmoja tu kabla ya hapo Ushahidi alikuwa ametusomesha sera ya kuwatunza wazee na wagonjwa wa muda mrefu. Mle imeandikwa kwamba familia ndiyo mlezi wa kwanza wa mgonjwa anayetoka hospitalini. Tulikuwa tumeijadili saa nzima, nani alipe, nani asimamie, nami nilichangia kwa kujiamini kabisa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza familia maana yake ni nani. Nikiwa nimesimama dirishani kwa karani nilielewa. Familia maana yake ni binti. Anaacha alichokuwa anafanya, anaingia kwenye sera, na hakuna mahali anapoandikwa.

Ule mwaka sitakuficha ulikuwaje. Siku za kwanza nilimchukia kila mtu. Nilimwogesha Baba nikiwa nimekunja uso, naye alijua, akafumba macho mpaka nimalize. Kumwogesha baba yako si jambo dogo. Tulizoea. Nilijifunza kumnyoa ndevu bila kumkata, naye alijifunza kuinua kidevu kabla sijamwambia. Wenzangu chuoni mwanzoni walinitumia maswali ya mtihani na picha za darasani, baadaye wakaacha. Siwalaumu. Mtu akitoka kwenye foleni, foleni inajibana.

Ila kuna jambo nililigundua, na hili nataka ulijue wewe kuliko wote. "Haya" haikuwa neno moja. Ya kupanda juu mwishoni ilikuwa swali. Ya chini, ya kuvuta, ilikuwa hapana. Ya kukata ilikuwa hasira. Kulikuwa na ndogo sana, kama pumzi tu, ambayo ilikuwa asante. Nikamwambia Kaka. Akasema, "Unasikia unachotaka kusikia." Labda. Kaka alikuwa na Baba jioni tu, wote wawili wamechoka.

Kisha nikaanza kumalizia nguo zilizobaki hapa chumbani, maana wenyewe walikuwa wanazidai. Nilijua kushona kidogo, mishono ya kuzibazibia. Baba alikaa kwenye kiti chake karibu na mashine, rula yake ya mbao mapajani. Siku ya kwanza nilipopindisha mshono akagonga rula kwenye mguu wa meza. Nikaufumua. Nikarudia, akagonga tena. Mara ya tatu nikamwambia mshono umenyooka, asinionee. Akagonga. Nikainua nguo mbele ya dirisha, kweli ulikuwa umepinda kidogo. Akacheka kwa ule upande wa uso uliobaki. Tangu hapo nyumba ikapata ubishi tena. Alibisha chumvi, alibisha taarifa ya habari, alibisha jina la mtoto wa Kaka, mpaka wifi akalibadilisha.

Nikaleta vitabu vyangu. Nilimsomea mchana kazi zikipungua, yeye anagonga pale asipokubali, nami natetea. Mara nyingine nilitetea jambo nisilolikubali ili tu agonge. Siku moja nikamsomea ile sera ya kuwatunza wagonjwa. Nilisoma bila kufikiria, kwa sauti ile ya darasani. Nilipofika kwenye sentensi ya familia kuwa mlezi wa kwanza akagonga. Nikaendelea. Akagonga tena, na tena, kwa nguvu, rula ikaanguka. Nikaiokota nikamuuliza, "Unakataa?" Akasema "haya," ile ya chini, ya kuvuta. Kisha akaninyooshea kidole mimi. Kisha akanyoosha kidole mlangoni.

Nikajifanya sijaelewa. Nikamuuliza kama anataka hewa. Akanitazama jinsi alivyokuwa anawatazama wateja wanaodanganya kipimo cha kiuno. Akaninyooshea kidole tena, akanyoosha mlangoni tena.

Kaka alisema hiyo haimaanishi kitu. Nilimwambia aje amuulize mwenyewe, safari hii bila kumpa jibu mdomoni. Hakuja siku ile. Alikuja Jumapili, akakaa chini sakafuni mbele yake. "Baba," akasema, "unataka arudi chuoni?" Baba akaweka rula pembeni taratibu, ili Kaka aone kwamba hagongi. "Haya." Kaka akasema tena, kwa sauti ya chini sana, "Au abaki na wewe?" Baba akaichukua rula na kugonga mara moja. Kaka akaweka kichwa kwenye magoti ya baba yake na kukiacha pale. Nilitoka nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Ndivyo tulivyopanga. Kaka akaomba zamu ya usiku ili mchana awepo, alale hapohapo chumbani kwenye mkeka. Wifi akashika jioni. Mwaka wa masomo ulipofunguliwa nikajiandikisha upya. Asubuhi ya siku ya kwanza nilimnyoa, nikamvalisha, nikaweka redio karibu. Nilipoinama kumuaga akanishika ukosi wa shati. Ulikuwa umekunjwa. Akaunyoosha kwa ule mkono wa kushoto, polepole, vidole havikumtii vizuri, kisha akanyoosha na upande wa pili. Kisha akanisukuma kidogo begani. "Haya," akasema. Hiyo, Shangazi, haikuhitaji kutafsiriwa. Ni haya ya kumwambia mtu nenda.

Nilikuwa kwenye mhadhara wa Ushahidi. Nilikaa nyuma kwa sababu wote walikuwa wadogo zangu na sikumjua hata mmoja. Simu ilikuwa kwenye mkoba, nimeizima sauti. Nilipotoka nikakuta Kaka amepiga mara nyingi. Kilikuwa kiharusi cha pili. Kaka anasema hakikuchukua muda, Baba alikuwa anasikiliza redio, akainamisha kichwa kama anayetafuta pini sakafuni. Kaka alimdaka. Hakuwa peke yake.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana. Sikuwa naye. Nilikaa naye mwaka mzima, nikamwacha asubuhi moja, na asubuhi hiyohiyo ndiyo aliyoondoka. Mwanzoni nilikuwa najiambia kwamba kama ningengoja wiki moja tu ningekuwepo. Bado najiambia, siku nyingine. Sijui kama naomba unisamehe au unihurumie. Nadhani nataka tu mtu mwingine aliyekuwa anampenda ajue.

Msibani watu walisema. Hawakusema kwa ubaya wote, lakini nilisikia jikoni: binti alikuwa chuoni, baba anakufa yeye yuko chuoni. Mmoja akanifuata wazi na kuniuliza hiyo elimu ilikuwa na haraka gani. Kabla sijafungua mdomo Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu, macho mekundu, bado amevaa aproni ya kazini. "Alikuwa alikotumwa na Baba," akasema. "Mimi nilikuwepo alipotumwa." Hakuna aliyeuliza tena. Kaka na mimi tumegombana mambo mengi, na tutagombana mengine, lakini sentensi ile nitaibeba.

Nilirudi darasani wiki ya pili baada ya maziko. Ushahidi alikuja hapa nyumbani kutupa pole, akakaa kwenye kiti cha wateja, akatazama mashine kwa muda mrefu. Nilimwambia habari ya ile sentensi ya familia. Hakuniuliza ushahidi. Akaniambia niifanye kuwa utafiti wangu wa mwisho. Basi sasa naingia nyumba za watu na maswali yangu, nauliza nani anamwogesha mgonjwa hapa na alikuwa anafanya kazi gani kabla. Wananijibu wakiwa wamesimama, mikono yao imelowa, na wengi wanashangaa kuulizwa. Mama mmoja aliniambia mimi ni mtu wa kwanza. Kisha akaniuliza kama nitarudi, na sikujua nimwahidi nini. Sijui utafiti utabadilisha nini. Pengine utakaa kabatini chuoni. Kigumu zaidi ni jioni nikirudi na yote niliyoyasikia, nafungua mlango, na hakuna anayetaka kujua.

Msalimie sana Mjomba, mwambie mwenzake ametuheshimu kwa kuja. Wasalimie binamu zangu, mkubwa na yule mdogo aliyeniandikia pole kwa makosa ya tahajia, nimeisoma mara nyingi. Kaka na wifi wanakusalimu, na mtoto angekusalimu kama angekuwa hang'ati.

Nina ombi moja, Shangazi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Najua Baba alikuwa anakutumia jumbe za sauti, zile ndefu, mpaka ukalalamika kwamba zinakujazia simu. Simu yake yeye iliharibika na hatukuweza kuokoa kitu. Mimi nilikuwa naishi naye, nani angenitumia ujumbe wa sauti akiwa chumba cha pili? Tafadhali tafuta. Usizifute. Kama ipo hata moja nitumie, si lazima iwe nzuri, hata ile anayokugombeza kuhusu goti. Nimeanza kusahau sauti yake ilivyokuwa na maneno mengine. Nataka kumsikia akikataa kitu, kwa urefu, mpaka mwisho.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi na wepesi wa ngazi, na atujalie tuonane tukiwa bado tunaweza kukaa chini na kuongea mpaka tuchoke.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
binti wa kaka yako.